Kinu cha nyuklia hakibomolewi gizani, ramani ya sumu yake huja kwanza

MJADALA kuhusu umeme wa nyuklia nchini Kenya umekuwa ukihusu ujenzi pekee. Tangu bodi ya kusimamia mpango huo ilipobuniwa mwaka wa 2012, maswali yamekuwa yale yale: kinu kitajengwa wapi, kitagharimu pesa ngapi na kitazalisha megawati ngapi. Wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi waliandamana mwaka wa 2024 kupinga kujengewa kinu karibu na bahari wanayoitegemea kwa uvuvi. Mwaka uliofuata, serikali iligeuza macho yake hadi Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria.

Kuna swali ambalo halijapewa uzito unaostahili. Siku kinu hicho kitakapozeeka na kuzimwa, ni nani atakayejua ni ukuta upi ulioingiwa na sumu, ni bomba lipi lililovuja na ni shamba lipi jirani lililofikiwa na maji yake? Na atajuaje?

Yamkini wapo watakaoliona swali hili kuwa la mapema mno. Kinu cha kisasa hukusudiwa kufanya kazi kwa miaka 60 au zaidi, na wengi wa wanaoujadili mradi huu leo hawatakuwa hai siku ya kukizima. Hata hivyo, tajriba ya mataifa yaliyotangulia katika safari hii inaonyesha kwamba jibu lake huanza kuandikwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Waliolipuuza wamejikuta wakilipa kwa pesa, kwa muda na kwa imani ya wananchi wao.

Kote ulimwenguni, zaidi ya vinu 200 vya kuzalisha umeme vimezimwa kabisa. Vilivyobomolewa hadi mwisho, uwanja ukasafishwa na kurejeshewa matumizi mengine, ni vichache mno. Vilivyosalia vinasubiri zamu yao au vimo katikati ya kazi inayochukua miongo. Katika kila kimoja, kabla ya msumeno kugusa chuma au tingatinga kugusa ukuta, kuna shughuli moja isiyoweza kurukwa, nayo ni kupima na kuchora ramani ya mahali sumu ilipo.

Sumu hujificha wapi?

Jambo la kwanza linalofanyika kinu kinapozimwa ni kuondoa fueli iliyotumika. Fueli hiyo huondoka na zaidi ya asilimia 99 ya unururifu wote uliomo kituoni, yaani ile hali ya chembechembe kutoa miale. Kinachobaki ni kidogo kwa hesabu, lakini ndicho kinachomkabili mfanyakazi aliyeshika msumeno, na ndicho kinachoweza kupenya ardhini na kumfuata jirani kisimani.

Sumu hiyo inayobaki ni ya aina mbili, na kila aina hutafutwa kwa njia yake.

Aina ya kwanza huzaliwa ndani ya vifaa vyenyewe. Kinu kinapofanya kazi, chembe ziitwazo nyutroni huruka kutoka kwenye kiini chake na kupenya chuma na zege lililo karibu. Kobalti kidogo iliyomo katika chuma hugeuka kuwa kobalti-60, ambayo hutoa miale mikali ya gama. Nikeli hugeuka kuwa nikeli-63. Katika zege hupatikana yuropiamu-152. Sumu ya namna hii haiwezi kupanguswa kwa kitambaa wala kuoshwa kwa maji, kwa sababu chuma chenyewe ndicho kilichogeuka.

Aina ya pili ni ile iliyosafiri. Maji, mvuke na vumbi hubeba chembechembe kutoka kwenye kiini na kuzisambaza katika mabomba, matangi, sakafu na mitaro. Hujibanza kwenye viungo vya mabomba, ndani ya nyufa na chini ya rangi iliyopakwa juu yake miaka mingi baadaye. Siziamu-137 huyeyuka katika maji na kuzama ndani ya zege. Strontiamu-90 huyafuata maji ya ardhini, na ikiingia mwilini huelekea mifupani kama afanyavyo madini ya chokaa. Hii ndiyo sumu iwezayo kuvuka ua wa kituo.

Muda nao una nafasi yake katika hesabu hii. Kobalti-60 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Siziamu-137 huchukua miaka 30, nikeli-63 takriban 100, na plutoniamu-239 zaidi ya 24,000. Kwa sababu hiyo, baadhi ya mataifa huamua kukifunga kinu na kukiacha kwa miongo kadhaa ili miale mikali ya kobalti ififie kabla ya wafanyakazi kuingia. Nchini Marekani, sheria inaruhusu kazi yote ichukue hadi miaka 60 tangu kinu kuzimwa.

Kungoja huko kuna hasara yake. Kobalti inapopungua, kumbukumbu pia hupungua. Wahandisi wanaojua kwamba bomba fulani lilipasuka usiku fulani na maji yake yakaelekezwa kwenye mtaro fulani hustaafu, huhama na hufa. Michoro hupotea au hubaki ikionyesha jengo jinsi lilivyokusudiwa, wala si jinsi lilivyokuja kurekebishwa mara kumi baadaye. Anayeingia baada ya miaka 40 hukuta kuta zisizosema lolote.

Namna ramani inavyochorwa

Kazi ya kuchora ramani haianzi kwa mashine. Huanza kwa makaratasi na kwa wazee. Wataalamu husoma daftari za zamu, ripoti za ajali ndogondogo, stakabadhi za taka na picha za wakati wa ujenzi. Kisha huwatafuta waliofanya kazi kituoni na kuwahoji: ni wapi palipomwagika, ni chumba kipi kilifungwa ghafla, ni taka gani zilizofukiwa uani wakati ambapo hakuna aliyeuliza. Mahojiano ya aina hiyo yana uwezo wa kufichua mambo ambayo hayamo katika daftari yoyote.

Baada ya hapo ndipo vipimo huingia. Sakafu na kuta hugawanywa kwa miraba, na kila mraba kupimwa. Vitambaa hupanguswa juu ya vifaa ili kubaini kama sumu inabanduka au imeshikamana. Kamera maalumu za miale ya gama huonyesha sehemu kali zaidi kwa rangi juu ya picha ya chumba. Pasipofikika kwa binadamu huingizwa roboti au droni. Mahali panaposhukiwa, zege hutobolewa na kipande chake kukatwa vipandevipande kama muwa ili kujua sumu imezama kwa sentimita ngapi. Nje ya majengo huchimbwa visima vya uchunguzi ili kufuata mwendo wa maji ya ardhini.

Ugumu mkubwa ni kwamba si kila sumu hujitangaza. Kobalti-60 na siziamu-137 hutoa miale ya gama inayonaswa kwa urahisi na vifaa vya mkononi. Nikeli-63, strontiamu-90 na plutoniamu hazinaswi hivyo, bali zinahitaji kazi ndefu ya maabara. Kwa hivyo wataalamu huchukua sampuli chache, wakatafuta uwiano uliopo kati ya zile zinazoonekana na zile zisizoonekana, halafu wakautumia uwiano huo kukadiria kwingineko.

Mbinu hiyo inafaa, ila ina mtego. Uwiano uliopatikana katika bomba la maji moto si lazima uwe sawa na ule wa udongo nje ya jengo, kwa maana maji huvibeba vitu hivi kwa kasi tofauti. Anayetumia uwiano mmoja kwa kituo kizima atachora ramani ya kupendeza isiyo ya kweli.

Mnamo 1997, idara nne za serikali ya Marekani zilitoa mwongozo wa pamoja unaofuatwa hadi leo. Mwongozo huo unagawa maeneo yaliyoguswa katika madaraja matatu kulingana na uwezekano wa kuwa na sumu. Daraja la kwanza hupimwa lote, inchi kwa inchi, na la tatu hupimwa kwa kuchagua baadhi ya sehemu. Mwaka huo huo nchi hiyo iliweka kanuni kwamba uwanja unaoachiliwa kwa matumizi yoyote usimpe mtu zaidi ya milisieverti 0.25 kwa mwaka juu ya miale ya kimaumbile. Kwa kulinganisha, miale ya kimaumbile humpa binadamu wa kawaida takriban milisieverti 2.4 kila mwaka.

Kukosea kwa upande wowote kuna adhabu. Ukikadiria sumu kuwa kubwa kuliko ilivyo, utajaza maghala ghali kwa zege safi lisilo na hatia. Ukiikadiria kuwa ndogo, utampeleka mfanyakazi mahali atakapopokea kwa siku chache kiasi anachoruhusiwa kupokea kwa mwaka mzima, au utampa mwananchi tofali asilopaswa kulishika. Ni sawa na fundi anayebomoa nyumba bila kujua nyaya za stima zimepita wapi, tofauti ikiwa kwamba hapa nyaya zenyewe hazionekani.

Waliochelewa kupima

Mfano wa wazi unatoka Haddam Neck katika jimbo la Connecticut, Marekani, kando ya mto wenye jina hilo la jimbo. Kinu cha Connecticut Yankee kilianza kuuza umeme mwaka wa 1968 na kuzimwa 1996. Kazi ya kukibomoa ilipoanza, iligunduliwa kwamba kwa miaka mingi matofali na udongo wenye chembechembe za sumu vilikuwa vimetolewa nje ya ua bila kupimwa ipasavyo, vikaishia kwa raia waliovitumia katika ujenzi na ujazaji wa viwanja vyao. Viwango havikuwa vikubwa, lakini ilibidi vifuatwe nyumba kwa nyumba na kurejeshwa.

Balaa jingine lilikuwa chini ya ardhi. Strontiamu-90 ilipatikana katika maji ya ardhini. Mmiliki wa kinu na mkandarasi wa ubomoaji walikosana, kandarasi ikakatizwa mwaka wa 2003, na wakafikishana mahakamani. Kiini cha ugomvi wao kilikuwa hali ya uwanja: nani alijua nini kuhusu uchafuzi huo, na nani alipaswa kuulipia. Kazi ilikamilika 2007, na sehemu ya gharama iliyozidi ikaishia katika bili za wateja wa umeme.

Hilo ndilo somo la kwanza. Ramani mbovu huzaa kesi, na kesi huzaa bili. Pale ambapo hakuna anayejua kwa hakika kilichomo ardhini, mkandarasi huweka bei ya kujikinga au hudai nyongeza katikati ya safari, na mlipaji wa mwisho ni yuleyule anayewasha taa nyumbani kwake.

Kaskazini kabisa mwa Scotland, Uingereza, kituo cha utafiti cha Dounreay kinatoa somo chungu zaidi. Wakati wa kujenga njia ya maji machafu chini ya bahari miaka ya 1950, lilichimbwa shimo la kutolea mawe lenye kina cha mita 65 hivi. Kuanzia 1959 shimo hilo liligeuzwa jaa la taka za nyuklia. Mnamo Mei 1977 lilitokea mlipuko ndani yake, baada ya madini ya sodiamu na potasiamu kukutana na maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Kuliondolea shimo hilo yaliyomo ni mojawapo ya kazi ngumu zaidi katika usafishaji wa nyuklia barani Ulaya, na ugumu huo umechangiwa na uhaba wa rekodi za kuaminika kuhusu kilichotupwa humo.

Sumu ya Dounreay haikubaki shimoni wala nyuma ya ua. Chembe za fueli zenye ukubwa wa punje ya mchanga zilitoka kituoni zikaingia baharini, na mwaka wa 1983 zikaanza kuokotwa ufuoni. Tangu 1997 ni marufuku kuvua samaki katika umbali wa kilomita mbili kutoka mdomo wa bomba la maji machafu. Roboti za chini ya maji zilitumwa kuzitafuta chembe hizo moja baada ya nyingine kwenye sakafu ya bahari. Mvuvi wa Uyombo au wa Siaya anayeuliza maswali leo anapaswa kusikilizwa kwa kuzingatia ukweli huo: bahari haina mipaka ya ramani, na kinachoingia humo bila kuandikwa hutafutwa kwa miongo.

Fukushima, ambapo kipimo chenyewe kilikosewa

Kituo cha Fukushima Daiichi nchini Japani ni mfano wa pekee kwa kuwa hakikuzimwa kwa hiari. Tetemeko na tsunami ya Machi 2011 vilisababisha fueli ya vinu vitatu kuyeyuka na kuchanganyika na chuma na zege. Mabaki hayo yanakadiriwa kuwa tani 880. Hakuna binadamu anayeweza kusimama karibu nayo akaishi, kwa hivyo ramani inachorwa kwa macho ya mbali.

Mwaka wa 2015 wataalamu walitumia chembe za kimaumbile zinazonyesha kutoka angani, ambazo hupenya majengo kama miale ya eksirei inavyopenya mwili, ili kuchungulia kinu nambari moja. Walikuta kwamba sehemu ya kiini ilikuwa tupu na fueli ilikuwa imeshaporomoka chini.

Mapema 2017, kampuni ya TEPCO inayomiliki kituo hicho ilitangaza kwamba ndani ya kinu nambari mbili palikadiriwa kuwa na sieverti 530 kwa saa, na siku chache baadaye ikataja 650. Sieverti nne au tano zikipokewa kwa mpigo mmoja zinatosha kuwaua nusu ya watu wasiotibiwa. Habari hizo zilienea duniani kote. Julai mwaka huo huo kampuni ilitangaza kwamba makadirio yalikosewa, na kwamba kiwango cha juu kilikuwa takriban sieverti 80 kwa saa.

Kiwango cha 80 bado ni cha mauti, lakini tofauti hiyo si ndogo kwa mhandisi anayebuni roboti na kuchagua waya na kamera zitakazostahimili. Wala si ndogo kwa mwananchi, ambaye baada ya kusikia tarakimu tatu tofauti ndani ya miezi sita, ana haki ya kujiuliza ni ipi aiamini.

Kisha, mapema 2021, mamlaka ya udhibiti nchini humo ilieleza kwamba kiasi kikubwa mno cha siziamu kilikuwa kimekwama katika vifuniko vya zege vilivyo juu ya vinu nambari mbili na tatu. Muongo mzima ulikuwa umepita tangu ajali. Vifuniko hivyo ndivyo vilivyotarajiwa kuondolewa ili kufikia chini, kwa hivyo ugunduzi huo uligusa mpango mzima.

Sampuli ya kwanza ya mabaki ya fueli ilitolewa Novemba 2024, nayo haikufikia hata gramu moja. Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba uondoaji wa kiwango kikubwa hautaanza kabla ya 2037. Hapo ndipo tunapoona maana halisi ya kazi bila ramani: pesa zipo, ujuzi upo, ila kila hatua inasubiri mtu ajue kilichoko mbele yake.

Ramani ni mali ya umma

Ufaransa, inayotegemea nyuklia kwa sehemu kubwa ya umeme wake, ilijifunza somo la aina nyingine. Kinu kidogo cha Brennilis katika eneo la Bretagne, cha megawati 70 tu, kilizalisha umeme kuanzia 1967 hadi 1985. Mnamo 2007, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilibatilisha idhini ya kukibomoa kwa sababu umma haukuwa umepewa nafasi ya kuisoma tathmini ya athari zake kwa mazingira. Ubomoaji kamili ulirudi nyuma kwa miaka mingi, na idhini ya kuukamilisha ilitolewa 2023. Kinu kilichofanya kazi kwa miaka 18 kimekuwa kikibomolewa kwa zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Kinu cha Maine Yankee, Marekani, kilizimwa mwaka wa 1996 na majengo yake yakawa yameondolewa kufikia 2005. Kampuni iliunda baraza la wakazi tangu mwanzo, na jimbo la Maine likapitisha sheria iliyodai kiwango cha usafi kikali zaidi kuliko cha taifa: milisieverti 0.10 kwa mwaka badala ya 0.25, na kiwango chake maalumu cha maji ya ardhini. Kwa kuwa wakazi walijua nini kinapimwa na kwa kipimo gani, ugomvi ulipungua. Hata hivyo, fueli iliyotumika bado imehifadhiwa papo hapo katika makasha ya chuma na zege, kwa kuwa taifa hilo halijapata mahali pa kuizika.

Funzo kwa Kenya

Kenya ina sheria ya udhibiti wa nyuklia ya mwaka wa 2019 na mamlaka yake, KNRA. Ina kituo cha kuhifadhi taka nururifu Oloolua, karibu na Ngong, ambako huwekwa vyanzo vya miale kutoka hospitali na viwandani. Hatuanzi mikono mitupu. Lakini kinu cha umeme ni mzigo wa kiwango kingine, na mambo manne yanafaa kuamuliwa kabla ya wino kukauka katika mkataba wowote.

La kwanza ni ramani ya kabla. Ardhi ya Kenya ina miale yake ya asili, na katika sehemu nyingine ni mingi. Mlima Mrima katika Kaunti ya Kwale, kwa mfano, unajulikana kwa miale ya juu inayotokana na madini ya thoriamu, na hakuna kinu kilichowahi kujengwa hapo. Iwapo udongo, visima, samaki na matope ya chini ya maji katika eneo teule havitapimwa kabla ya ujenzi, miaka 60 baadaye mwenye kinu atasema sumu ni ya Mungu na mwanakijiji atasema ni ya mwenye kinu. Hakuna mahakama itakayoweza kuwaamua.

Wasiwasi huo si wa kufikirika. Katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya risasi katika udongo na katika damu za watoto. Mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa mabegani mwa maskini, waliolazimika kutumia damu za watoto wao kama ushahidi. Risasi, tena, hupimwa kwa urahisi kuliko strontiamu.

La pili ni daftari la maisha. Kila umwagikaji, kila ukarabati na kila bomba lililozibwa lapaswa kuandikwa, na nakala kuwekwa mahali nje ya kituo, chini ya ulinzi wa sheria. Afrika ina sababu ya kulitilia maanani jambo hili. Kinu cha kwanza barani kilianza kazi Kinshasa mwaka wa 1959, chuoni, kwa ajili ya utafiti. Baadaye fito mbili za fueli zilitoweka humo, na mmoja ukaibukia mikononi mwa wahalifu nchini Italia mwaka wa 1998. Pale ambapo rekodi ni dhaifu, hata kilicho hatari zaidi huweza kutoka mlangoni.

La tatu ni uhuru wa mpimaji. Anayechora ramani asiwe yule atakayepata faida kwa kuikuza au kuipunguza sumu. Mwenye kinu hupenda ionekane ndogo. Mkandarasi anayelipwa kwa tani huenda akapenda ionekane kubwa. KNRA inahitaji maabara yake, wataalamu wake na bajeti isiyotegemea hisani ya wizara inayotaka kuuza umeme. Isitoshe, fedha za ubomoaji zikusanywe katika hazina maalumu tangu siku ya kwanza ya kuuza umeme, wala zisiachiwe watakaozaliwa. Nchini Uingereza, gharama ya kusafisha kituo kimoja cha Sellafield ilikadiriwa mwaka wa 2024 kuwa pauni bilioni 136, na kazi yake inatarajiwa kuendelea hadi 2125.

La nne ni uwazi. Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari na haki ya mazingira safi, na kuitaka serikali iwashirikishe wananchi katika kuyalinda. Matokeo ya vipimo yachapishwe kila mwaka kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, kwa kipimo ambacho mvuvi na mkulima wanaweza kukisoma na kukilinganisha na cha mwaka uliotangulia. Uganda, inayopanga kinu chake huko Buyende, nayo inakabiliwa na swali hilo hilo, na maji ya Victoria na ya Nile hayatambui pasipoti.

Wapo wanaoipinga nyuklia katu na wapo wanaoiona kuwa mkombozi wa viwanda vyetu. Makala haya hayakusudii kuwaamua. Lakini pande zote mbili zina haja moja ya pamoja, nayo ni kujua. Anayeunga mkono hawezi kuahidi usalama asioweza kuupima, na anayepinga hawezi kushinda hoja bila takwimu.

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha, na mwenye macho makali kuliko wote atapita juu yake bila kujua. Kwa hivyo, kabla ya wabunge kuulizwa waidhinishe mabilioni ya ujenzi, na waulize kwanza ilipo ramani ya ardhi jinsi ilivyo leo, ni nani aliyeichora, na itahifadhiwa wapi hadi mjukuu wa mvuvi wa Uyombo au wa Siaya atakapoihitaji.